Baba Alibakiwa na Neno Moja, Nikalielewa Mteremkoni

Baba yangu aliniokoa maisha kwa kunyamaza.

Najua mmeshaanza kucheka. Chekeni tu. Hata mimi nilicheka, halafu nikalia, halafu nikaenda kuosha vyombo maana siku hiyo nyumbani kwetu hakuna mwingine aliyekuwa na nguvu za kusimama.

Ngoja niwape mzee mwenyewe kwanza.

Baba alikuwa mwalimu wa udereva. Alikuwa anasema nusu ya madereva wa mji huu wamepita mikononi mwake, na nusu nyingine ndio wale wanaogonga kuta za watu.

Kazini alikuwa na neno lake. Mwanafunzi akikimbilia kubadili gia kabla injini haijakubali, Baba anamwambia, "Bado." Mwanafunzi akinyoosha mkono tena, "Bado." Wakati ukifika ndipo anasema, "Haya, sasa."

Bado, bado, bado, haya sasa. Tulikuwa tunamwigiza mezani mpaka Mama anatushikia mwiko.

Mimi ndiye kitinda mimba wake. Nyumbani wananiita Kitinda, na jina limeganda mpaka kazini.

Alijaribu kunifundisha. Siku ya pili tu nilishuka, nikabamiza mlango, nikarudi nyumbani kwa miguu. Nikamwambia Mama, "Huyu mume wako na bado yake, tutauana."

Nikaenda kujifunzia gari la otomatiki kwa mtu mwingine. Unaweka D, unajiendea zako. Gia za mkono nikaona ni adhabu ya watu wa zamani.

Sasa. Mzee akapigwa na kiharusi.

Upande wa kulia ukalala, mkono na mguu. Na maneno yote yakamtoka. Mtu aliyekuwa anaongea kama redio, asubuhi moja akaamka hana hata la kuombea maji.

Likabaki moja tu. Mnalijua.

"Baba, umelala?"

"Bado."

"Baba, tukufungulie dirisha?"

"Bado."

Mwanzoni tulicheka, maana usipocheka utafanyaje. Ila siku moja nilipiga magoti mbele ya kiti chake, nikamshika mashavu, nikamuuliza, "Baba, mimi ni nani?"

Akaniangalia sana. Midomo ikamtetemeka, jasho likamtoka kwenye paji la uso kama mtu anayenyanyua gunia.

"Bado," akasema.

Nilienda bafuni nikafungulia maji ili wasinisikie.

Daktari alitueleza kuwa wapo wagonjwa wa hivyo. Wanabakiwa na neno moja, na mara nyingi linatoka lenyewe tu, hata kama silo wanalolitaka. Kaka yangu mkubwa akalichukua hilo likawa sheria ya nyumba. "Msilipe uzito," akatuambia. "Ni sauti tu hiyo."

Basi tukazoea. Mama anamlisha kwa kijiko, sahani ndogo, maana alikuwa anaogopa asije akapaliwa. Chakula kikiisha anamuuliza, "Umeshiba, mume wangu?" Mzee anasema, "Bado." Mama anamfuta mdomo, anaondoa sahani. Siku nyingine ukimuuliza kitu hajibu kabisa, anakutazama tu, na sisi tunasema leo hajaamka vizuri.

Alikuwa anakonda. Mashati yakawa yanamning'inia. Tukasema ndiyo maradhi yenyewe hayo, tutafanyaje.

Haya, tuje kwenye gari.

Baba ana gari la michezo la zamani, la kijani, fupi, limekaa chini mpaka ukiingia unahisi umekaa kwenye mkeka. Viti viwili tu. Usukani uko kushoto, tofauti na magari mengine yote ya mtaani kwetu. Gia tano za mkono, na kile kitufe cha juu ya mti wa gia ni cha mbao, namba zimefutika zamani kwa kiganja chake. Ukitaka kujua gia ipi iko wapi, umuulize yeye.

Alilinunua bovu, akalifufua mwenyewe Jumapili baada ya Jumapili. Mama alikuwa analiita mke mwenza.

Tatizo likawa ngazi. Chumba cha Baba na Mama kiko juu. Kila jioni mimi na Kaka tunambeba mzee kumpandisha, yeye kwenye mabega ya Kaka, mimi nasukuma kwa nyuma, na sote watatu tunahema. Siku moja Kaka aliteleza. Hawakuanguka, lakini Mama alikaa palepale kwenye ngazi akashika kichwa.

Kaka anafanya kazi ofisi ya bima, mtu wa kuona ajali kabla haijatokea. Akaja na mpango. Gereji iliyo chini igeuzwe chumba cha mzee. Gari liuzwe. Mnunuzi keshapatikana, daktari wa meno wa mji ule wa bondeni, ng'ambo ya mlima.

Tukamkalisha Baba sebuleni. Kaka akamuuliza kwa heshima zote, "Baba, tuuze gari?"

"Bado."

Kaka akatugeukia. "Mnaona? Hata ukimuuliza kama jua limechomoza, atakwambia bado."

"Na kama anamaanisha, Kaka?" nikasema.

"Na kama hamaanishi, Kitinda? Tumbebe ngazini mpaka siku tuanguke naye?"

Ndiyo hali mbaya kuliko zote hiyo, unampenda mtu, yuko mbele yako, anakutazama, na huna namna ya kujua anataka nini. Mama akawa anakunja kitambaa cha meza ambacho kilikuwa kimeshakunjwa.

Siku ya kupeleka gari, fundi aliyepangwa kuliendesha akapiga simu, mgongo umemkamata, hawezi hata kuinama kuvaa viatu.

Kaka akasema ataendesha mwenyewe. Akaingia. Yaani akajaribu kuingia. Tumbo likagoma kwenye usukani. Akavuta pumzi, akajikunja, akatoka amekuwa mwekundu wa macho.

"Kitinda, ni wewe."

"Mimi? Mimi na gia wapi na wapi?"

"Si Baba alikufundisha?"

"Siku mbili, Kaka! Na ya pili nilirudi kwa miguu!"

"Klachi unaijua?"

"Naijua."

"Basi. Mimi nakuja nyuma yako na gari langu, twende polepole."

Tukiwa tunabishana, tukasikia mkongojo. Ko, ko, ko. Mzee huyo, anatoka mwenyewe barazani, Mama anamfuata na makoti. Akazunguka gari, akafungua mlango wa kulia kwa mkono wake mzima wa kushoto, akajitupa kwenye kiti.

"Baba, shuka tafadhali," Kaka akamwambia.

"Bado."

Mama akamfunga mkanda. "Mwacheni amsindikize mke mwenza," akasema.

Jamani, nilivyoondoka hapo ni aibu. Gari liliruka kama chura. Likazima. Nikawasha, likaruka tena. Majirani walitoka kwenye mageti kutazama. Baba amekaa tu, anaangalia mbele, mkono wake wa kushoto juu ya goti, pembeni kabisa ya mti wa gia.

Kidogokidogo nikapata. Namba moja, mbili, tatu. Tulipofika mlimani nikapanda na namba mbili, injini inanguruma, mimi mwenyewe nimeanza kujiona dereva wa mashindano. Kwenye kioo namwona Kaka yuko nyuma, kajiinamia usukani wake kama bibi anayetunga uzi.

Tukafika kileleni. Barabara ikawa tambarare kidogo. Nikatia tatu.

Nikataka kutia nne.

"Bado," Baba akasema.

Nikacheka. "Wewe mzee na bado yako!" Nikatia nne.

"Bado!"

Nikatia tano. Gari likawa kimya, laini, linateleza. Raha ilioje.

"Bado! Bado!" Mzee akaanza kujitikisa kwenye kiti. Nikamwambia, "Tulia, Baba, tunakaribia." Nikamsemesha kama mtoto, Mungu anisamehe.

Na mteremko ukaanza.

Sasa wanaojua gari wameshashika vichwa. Mimi sikujua. Madereva wana msemo wao, gia uliyopandia mlima ndiyo utakayoteremkia, ili injini ikusaidie kulishika gari. Mimi nimepanda na mbili, nateremka na tano. Injini haishiki chochote. Gari linakwenda kwa uzito wake, na mimi nategemea breki peke yake.

Kona ya kwanza nikakanyaga breki, sawa. Ya pili nikakanyaga, sawa. Nikawa nimeikanyaga moja kwa moja, siiachi.

Nikasikia harufu. Kama pasi iliyosahauliwa juu ya nguo.

Kona iliyofuata nikakanyaga, pedeli ikazama. Laini, kama nakanyaga mkate.

"Baba," nikasema. "Baba, breki."

Nikakanyaga tena. Ikazama mpaka chini. Gari halikupunguza kitu. Upande wa kulia ni mwamba, upande wa kushoto ni hewa tupu, na mbele kule chini naona mgongo wa lori limebeba magogo, linatambaa.

Kwa kweli nilikwisha. Sina hata la kudanganya. Sauti ikanitoka nyembamba ambayo siijui. Pembeni yangu amekaa mtu mmoja ambaye anajua kila kitu cha kufanya, na hana neno la kuniambia. Na mimi nina maneno yote duniani na sijui kitu.

"Baba nisaidie! Nifanyeje? Baba!"

Likanijia wazo moja, gia ndogo. Nikakanyaga klachi, nikaushika mti wa gia niupeleke namba mbili kwa nguvu zangu zote.

Mkono wa Baba ukatua juu ya mkono wangu.

Mkono wa kushoto, ule mzima. Ukaubana mti wa gia pale, haujongei.

"Bado," akasema.

"Baba, tutakufa!"

"Bado."

Hakupayuka safari hii. Alisema taratibu, ile sauti yake ya kazini, niliyoikimbia kwa miguu. Akauvuta mti wa gia pamoja na mkono wangu, lakini si mpaka mbili. Akauweka nne. Halafu akanyoosha mkono, akanigonga goti la kushoto, akaurudisha juu ya wangu. Nikaelewa, nikaachia klachi.

Injini ikanguruma. Gari likajivuta kama mtu aliyeshikwa shati kwa nyuma.

Baadaye fundi aliniambia kwamba ningeitia mbili kwa mwendo ule, magurudumu ya nyuma yangejifunga na tungezunguka mpaka kwenye hewa tupu. Gia ndogo ndiyo ilikuwa dawa, ila kwa hatua, na kila hatua kwa wakati wake.

Mimi sikujua hayo. Nilitaka kuvuta tena palepale.

"Bado."

Kona. Nikaizunguka huku nalia kwa sauti.

"Bado."

Lori linakaribia. Naona hadi kamba za magogo.

"Bado... bado..."

Mshale wa mizunguko ya injini unashuka. Mkono wake uko juu ya wangu, wa moto, hautetemeki.

Halafu akanyamaza.

Nikangoja bado nyingine. Haikuja. Nikamtupia jicho, naye ananitazama, macho yamemtoka, midomo imefunga. Na mkono wake ukaacha kunibana, ukalegea.

Ile "haya, sasa" yake hana tena. Kiharusi kimeichukua. Kwa hiyo "sasa" ya Baba ni kuacha kusema "bado".

Nikakanyaga klachi. Nikatia tatu. Nikaachia.

Gari likaunguruma, likapungua. Bado. Bado. Kimya. Nikatia mbili.

Tulipolifikia lori la magogo tulikuwa tunatambaa kama lenyewe. Tukalifuata nyuma mpaka bondeni, mimi na baba yangu, mikono miwili juu ya mti mmoja wa gia.

Nilisimamisha gari kwa handibreki nje ya geti la daktari wa meno. Nikafungua mlango nikatapika. Kaka akaja anakimbia, anatweta, hajafunga hata gari lake.

"Kitinda! Mbona mlikuwa mnakimbia vile?"

Nilikuwa na swali moja tu. Nikazunguka upande wa Baba, nikachuchumaa.

"Baba. Tuuze gari?"

"Bado," akasema.

Nikasimama. "Hatuuzi."

"Umechanganyikiwa," Kaka akasema. "Ni woga huo, kunywa maji kwanza."

"Hatuuzi, Kaka. Mwenyewe kasema bado."

"Kila kitu anasema bado!"

Daktari wa meno alikuwa ameshatoka, mzee mpole mwenye kofia, kasimama na funguo za geti mkononi. Akatuangalia sisi, akamwangalia Baba alivyokaa mle ndani amekumbatia mkongojo.

"Wanangu," akasema, "mimi siwezi kununua gari ambalo mwenyewe bado yumo ndani."

Tukakaa pale mpaka breki zikapoa. Fundi wa jirani akazikagua, akaongeza mafuta mapya ya breki, akatupa ruhusa. Tukarudi kwa namba mbili kupanda na namba mbili kuteremka.

Nyumbani moto ukawaka. Kaka anazunguka meza ya chakula, anahesabu makosa yangu kwa vidole. Chumba cha mzee kiko wapi sasa? Ngazi nani atabeba? "Unaendesha nyumba nzima kwa neno moja lisilo na maana!"

"Lina maana," nikasema. "Nililisikia. Alinipangia gia zote kwa neno hilo hilo."

"Alikuwa amelizoea kazini. Mdomo tu huo unakumbuka."

Nikamgeukia Baba. "Baba, umelala?"

"Bado."

"Si kweli?" nikamuuliza Kaka. "Amelala yule?"

"Bahati."

Mama hakuwa anatusikiliza. Alikuwa anamlisha Baba kijiko cha mwisho, kama kila siku. Akamuuliza, kama kila siku, bila hata kumtazama, "Umeshiba, mume wangu?"

"Bado."

Mkono wa Mama ulikuwa umeshashika sahani kuiondoa.

Ukasimama hapo hapo.

Niliona uso wake unavyobadilika. Aliiangalia sahani. Akamwangalia Baba, lile shati linavyomning'inia, ile shingo iliyobaki mishipa. Hata Kaka aliacha kuzunguka.

Mama akarudisha sahani mezani. Akapakua tena. Chakula kikamwagika kitambaani.

Baba akala. Akala chote.

"Umeshiba?" Mama akauliza.

"Bado."

Kaka ndiye aliyeenda jikoni. Alirudi na sufuria nzima, ameishika kwa mikono mitupu, ingali ya moto, akaiweka mbele ya baba yake. Mama akapakua. Baba akala, taratibu, kijiko baada ya kijiko, na sote tumesimama tunamtazama mtu mzima anakula.

"Umeshiba, mume wangu?"

Tukangoja.

Baba akamtazama Mama. Midomo imefunga.

Kimya.

Mama akaweka kijiko chini. "Miezi yote hii," akasema. "Alikuwa ananiambia. Kila siku alikuwa ananiambia." Akaegemea bega la Baba, lile lililolala, akalia kama mtoto. Kaka alikaa sakafuni na viganja vyake vilivyoungua. Ndipo nilipokwenda kuosha vyombo.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mimi nilidhani ni maneno ya kupambia khanga.

Gari limehamia kwa jirani mwenye banda, chini ya turubai. Gereji imekuwa chumba. Jumapili Kaka anamsukuma mzee mpaka kule, wanakaa ndani ya lile gari bila kuwasha. Tumbo la Kaka sasa linaingia, sijui alifanyaje. Mzee naye mashati yameanza kumbana.

Nimewaletea hiki kisa kwa sababu moja. Ukimuuliza mtu swali, ngoja jibu lake. Usimuulize huku umeshashika sahani.

Juzi nilipiga magoti tena mbele ya kiti chake. Nikamuuliza lile swali ambalo sikuwahi kuthubutu kulirudia.

"Baba, mimi ni nani?"

Akaniangalia sana. Midomo ikatetemeka, jasho likaanza kumtoka pale pale kwenye paji la uso.

"Bado," akasema.

Nikamfuta jasho. Nikamwambia, "Hamna haraka, Baba. Nangoja."